Korongo Hajafika na Mshale Umelala

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwisha. Nimeweka dau lori la baba.

Naandika nikiwa ndani ya lori lenyewe, uani, kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kuniona. Jana tulikula kwa mama mkwe. Maharage, kama kila Jumapili ya mfungo. Rangel alikuwepo. Rangel ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Sevda, yeye kamwoa Ginka, mdogo wake. Huku kwetu wanasema mwanyumba si ndugu, ni faini ya kuoa. Ana mkahawa pale njia panda. Ana gari jipya. Ana meno yote.

Akaniuliza mbele ya watu, eti mwanyumba, ule mshale wako wa spidomita bado unacheza ngoma? Kauona kwa macho yake, kasema: lori linakwenda mwendo wa konokono, mshale unaruka kutoka ishirini hadi themanini, halafu unalala kwenye sifuri kama mlevi mtaroni. Meza nzima ikacheka. Hata Sevda! Nikasema nitautengeneza ndani ya wiki. Akasema na yeye ndani ya wiki ataota nywele. Nikasema basi tuwekeane dau. Ulimi wangu huu, siku moja nitaukata.

Masharti: Jumanne ijayo, tarehe 25, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, saa sita mchana. Rangel anatangulia na gari lake kwa mwendo wa arobaini, kutoka mkahawani mpaka njia ya reli, ule mteremko wote. Mimi nafuata na lori. Mama mkwe anakaa pembeni yangu kama hakimu. Mshale ukisoma arobaini na kutulia, Rangel ananipa mtambo wake wa shaba wa kupikia pombe ya plamu. Usipotulia, lori ni lake. Anataka kuliegesha mbele ya mkahawa na kupanda maua kwenye bodi.

Maua!

Tukashikana mikono, mama mkwe akaikata kwa kiganja, kama desturi inavyotaka. Dau likikatwa limekatwa. Alikata kwa nguvu mno, kidole gumba bado kinauma.

Baba aliliendesha lori hili miaka thelathini na moja. Kofia yake ingali nyuma ya kiti. Mimi nilijifunza kuhesabu mapajani pake, kwa kusoma spidomita hii hii: kumi, ishirini, thelathini. Mpaka leo nikihesabu kuku naanzia kumi. Siwezi kulipoteza. Siwezi kabisa.

Cha ajabu, mshale ulikuwa mzima mpaka mwisho wa Februari. Wazimu umeuanza tarehe mosi Machi, au mbili. Husuda ya watu, hakuna jingine.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwita mzee Nayden, fundi. Kaingia uvunguni, hakumaliza hata dakika. Akasema mwanangu, shida iko hapa chini, waya unapoingia kwenye giaboksi. Fungua nati hii, chomoa waya, utazame. Kazi ya dakika tano. Akashika spana.

Nikapiga yowe asiguse! Mzee wa watu akajigonga kichwa kwenye chasisi.

Sikuweza kumweleza. Wewe daftari nitakueleza. Tarehe mosi Machi mama mkwe alitugawia nyuzi za Machi, nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, kama kila mwaka. Kila mtu akafunga wake mkononi. Mbuzi akafungwa. Mplamu ukafungwa. Nikaona si haki lori likose bahati. Lakini ningeufunga mbele, kwenye kioo, Rangel angenitangaza mkahawani mpaka Krismasi. Kwa hiyo nilitafuta mahali pa siri. Nililegeza nati ya waya wa spidomita pale kwenye giaboksi, nikapenyeza uzi ndani, nikakaza. Hauonekani hata kidogo! Nilijipongeza kweli siku ile.

Sasa uzi wa Machi hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza. Watu wa bondeni huvua wakiona mti wowote umechanua, lakini mama mkwe anasema hao ni watu wenye haraka na ndiyo maana wanaachana ovyo. Kwetu ni korongo. Yordan wa chini kule aliuvua wake mapema mwaka juzi, na ng'ombe wake akazaa ndama mwenye hasira. Mimi nina dau la lori zima. Nichezee bahati wiki hii hii? Sina wazimu.

Nikamwambia mzee Nayden kwamba nati ile haiguswi, ni mambo ya kifamilia. Akakusanya spana zake taratibu. Akasema baba yako alikuwa mtu wa akili timamu, sijui wewe ulipitia mlango gani.

Sawa. Chini hakufunguliki. Nitapitia juu.

Jumatano, 19 Machi

Nimewaza. Waya mkavu huruka, waya wenye mafuta huteleza. Nikafungua upande wa juu, nyuma ya dashibodi, ili niujaze grisi. Grisi haikutosha. Nikakumbuka jikoni kuna mtungi wa mafuta ya nguruwe. Ni mfungo, hakuna anayeyala mpaka Pasaka. Yamekaa tu!

Nikayayeyusha, nikamimina. Mtungi mzima. Nikawasha injini, nikazunguka kanisa mara mbili. Mshale ukatulia. Ulitulia, naapa! Nikaimba. Kumbe ulitulia kwa sababu mafuta yalipanda na waya mpaka ndani ya spidomita, yakaganda. Mshale umesimama kwenye sabini na lori limezimwa. Kioo kimejaa ukungu wa mafuta. Mbwa watatu wamelala chini ya lori na hawataki kuondoka.

Sevda kagundua mtungi. Sitaandika alichosema. Kwa ufupi, kasema ameolewa na mtu anayekaanga gari.

Rangel kapita na gari lake, kapunguza mwendo, kashusha kioo. Akauliza tunapika nini, harufu imefika mkahawani, wateja wanaulizia bei. Akasema pia kwamba ameshanunua mbegu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeitoa spidomita yote, nikaiosha juu ya meza kwa pombe ya plamu. Imesafika. Nikanywa iliyobaki. Halafu nikafunga drili ya umeme nyuma yake nikaizungusha. Mshale ukapanda kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Ukasimama pale pale, bila kutetemeka. Machozi yalinitoka, nilimwona baba kabisa.

Kwa hiyo spidomita ni nzima! Na waya juu ni mzima! Ubaya uko chini, pale penye nati, kama mzee Nayden alivyosema. Na nati haifunguliki bila korongo.

Basi jambo langu ni moja tu: namtaka korongo. Mwaka jana alifika siku ya Kupashwa Habari, kwenye dohani ya posta ya zamani. Hiyo ni Jumanne, siku yenyewe ya dau. Nikimpata hata siku mbili kabla, nafungua nati kwa amani na mtambo wa shaba ni wangu.

Nimekwenda kwa baiskeli mpaka bwawani, kilomita kumi na moja. Nimekaa kwenye matete saa nne na upepo unanipiga masikioni. Bata. Kunguru. Mfuko mweupe wa plastiki juu ya mti, uliokaribia kunitoa roho kwa furaha. Nimerudi na mafua.

Ijumaa, 21 Machi

Mungu hapendi mtu anayekaa bure. Kama korongo haji, atengenezwe.

Nimekata boksi la friji. Nimepaka chokaa nyeupe, mabawa nimeyatia lami kwenye ncha, miguu na mdomo rangi nyekundu iliyobaki ya geti. Alfajiri nikampandisha kwenye dohani ya posta na ngazi ya kanisa. Kwa mbali, ndege kamili! Kisha nikamwomba Sevda tutembee njia ile, na tukifika posta aniambie kwa ghafla, Velcho, tazama juu! Maana lazima umwone bila kutegemea. Sevda akasema yeye anakwenda kununua mkate na mimi niende nikanunue akili.

Nikaenda peke yangu, nikajishtukiza mwenyewe. Nikapaaza sauti: Haa, korongo!

Kosa. Dirisha la kwanza likafunguka, la pili, la tatu. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Shule nzima ikatoka darasani. Ndani ya robo saa nusu ya kijiji ilikuwa imevua nyuzi na kuzifunga kwenye miti, watu wanapeana mikono, kwamba mwaka huu kawahi, mwaka huu ni wa neema. Sikuwa na moyo wa kusema kitu. Nikashika spana, nikakimbilia nyumbani kwenye nati yangu.

Kabla sijaingia uvunguni, upepo ukavuma. Korongo akapinduka akaangukia kwenye ndoo za maziwa za mama mkwe, aliyekuwa akipita.

Kaja na boksi lile mpaka uani, kalikunja kwapani. Akaligeuza: nyuma limeandikwa "Usilaze, kioo ndani". Akasema mkwe wangu, korongo wa boksi ni boksi. Akasema nusu ya kijiji wamevua nyuzi kwa ajili yangu na mwaka ukiharibika ni juu ya kichwa changu. Kanizungusha nyumba kwa nyumba mpaka giza, nimewafunga watu nyuzi upya mmoja mmoja na kuomba radhi. Nyumba arobaini na sita. Nilianza kuhesabu kumi, kwa hiyo huenda ni thelathini na saba.

Jumamosi, 22 Machi

Leo sikutaka kuamka. Nimelala nikitazama dari, nikawaza maua. Pale alipokuwa akipakia baba kuni za wajane bila malipo, paoteshwe maua, na walevi wa Rangel wapigie picha.

Mchana akili ikarudi. Nani kasema spidomita lazima iendeshwe na giaboksi? Mshale unahitaji kuvutwa tu! Nimetoa mshipi kwenye ndoano yangu ya kuvulia, mwembamba, hauonekani. Nimeirudisha spidomita mahali pake bila kuunga waya, nimeufunga mshipi kwenye mshale, nikatoboa tundu nyuma, nikaupitisha chini ya dashibodi mpaka miguuni. Kule nimetengeneza kitanzi cha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Navuta kidole: kumi, ishirini, arobaini. Nalegeza: spiringi inarudisha sifuri. Nafuata gari la Rangel, najua mwendo ni arobaini, natulia na kidole changu. Mama mkwe anaona, anatoa hukumu, kwisha.

Si udanganyifu. Arobaini ni arobaini.

Nimefanya mazoezi saa mbili, lori likiwa limesimama. Kidole kina ustadi kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 23 Machi

Maharage kwa mama mkwe. Rangel alikuwa mpole, na mtu mpole ana jambo. Akasema mwanyumba, tuliache hili, tulikuwa tumekunywa. Lichukue lori lako, mimi nitapanda maua kwenye pipa. Sevda akanikanyaga mguu mara tatu chini ya meza, mguu wa kushoto, kidole chenyewe.

Nikasema mwanamume dau halirudishi. Nikasema kama anaogopa aseme.

Sevda hajanisemesha tangu hapo. Haelewi kwamba nimeshashinda.

Jumatatu, 24 Machi

Mazoezi. Kidole kimevimba kwa sababu ya Sevda, lakini kinavuta. Nimelipiga lori deki, nimeikung'uta vumbi kofia ya baba. Nimeangalia angani mara kadhaa. Hakuna kitu.

Jumanne, 25 Machi, Kupashwa Habari

Naandika ili nisilie.

Saa sita kijiji kizima kilikuwa njia panda, wamevaa nguo za kanisani, samaki wa sikukuu anakaangwa kila nyumba. Mama mkwe kapanda, kakaa, kaweka mkoba mapajani. Swali lake la kwanza: mbona umevaa kiatu kimoja? Nikasema kidole kimevimba. Kweli tupu.

Rangel katangulia. Nikaingiza gia ya kwanza.

Ewe daftari. Klachi! Klachi iko mguu wa kushoto! Siku zote nilifanya mazoezi lori limesimama, sikubadilisha gia hata mara moja. Nilipokanyaga klachi, mguu ukaenda mbele, mshipi ukavutika, mshale ukapaa tisini. Nikaachia, ukaanguka sifuri. Gia ya pili: tisini, sifuri. Gia ya tatu: tisini, sifuri. Mama mkwe alikuwa anautazama kama mtu anayetazama mpira. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo ndiyo mbaya, kwa nini mshale unajua ninapobadilisha gia.

Nikasema ni aina mpya.

Akainama. Akavaa miwani. Akaupata mshipi kwa kidole, akaufuata polepole kutoka dashibodi mpaka chini kwenye kidole changu kilichovimba. Akautazama. Akauvuta mara moja, kama mtu anayeng'oa gugu. Mshale ukang'oka wote, ukaangukia kwenye mkoba wake.

Akasema simamisha gari, Velcho. Hakusema mkwe wangu.

Nikashuka. Nikampa Rangel ufunguo mbele ya watu wote. Hawakucheka, na hapo ndipo nilipojua nimefika wapi. Rangel akauangalia ufunguo kama vile hautaki, lakini dau lilikatwa na watu walikuwa wanatazama. Akapanda, akawasha, akapanda nalo mteremko kurudi mkahawani kwa gia ya kwanza.

Na hapo hapo, juu ya lori, akapita korongo. Wa kweli. Anaruka, mabawa wazi, kutoka kusini, mchana kweupe! Kumwona akiruka ni mwaka wa mafanikio. Watu wakashangilia, wakavua nyuzi, wakakumbatiana. Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba. Mimi nimevua wangu wa mkononi. Wa lori ulikuwa umekwenda na lori.

Angewahi nusu saa tu, yule mshenzi mwenye miguu mirefu.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi Rangel kabisha hodi. Alikuwa na kofia ya baba mkono mmoja. Mkono mwingine kashika kitu kwa vidole viwili, cheusi, kina mafuta, kirefu kama mkia wa panya.

Kasema mzee Nayden aliifungua ile nati jana jioni. Dakika tano. Uzi wa Machi ulikuwa umejisokota kwenye ncha ya waya mpaka waya haukuweza kuzunguka ila kwa kurukaruka. Wakautoa, wakaunga waya na spidomita, wakarudisha mshale kwa gundi, wakateremka mpaka relini. Arobaini imetulia kama saa ya kanisa. Rangel hakunicheka. Akanishika bega, akasema pole, mwanyumba. Afadhali angenitukania mama yangu.

Nimekaa jikoni na kofia ya baba mapajani. Nimelia. Sevda kaweka chai mbele yangu, kakaa, akanishika mkono. Hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Jioni nilipita njia panda. Bodi imejaa udongo. Ginka alikuwa anapanda.

Alhamisi, 27 Machi

Sikulala, nimetafakari, na sasa nimeelewa kosa liko wapi.

Tazama. Uzi ulikuwa ndani ya nati, lori lilikuwa langu. Rangel kauchomoa, na muda ule ule mshale ukapona, mambo yakamnyookea. Ni wazi! Bahati yote ya lori ilikuwa imekusanyika kwenye ule uzi, wiki tatu na ushee, na yeye ndiye aliyeifungulia. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Sikuwa na muda tu. Na sasa, kwa ujinga wake, uzi kanirudishia mwenyewe!

Nimekwenda mkahawani asubuhi na mapema. Nimempa dau jipya. Alikataa. Nikamwita mwoga mbele ya wateja. Alikataa. Nikakaa mlangoni mpaka akakubali ili nitoke. Masharti: Jumapili baada ya misa, mimi kwa baiskeli, yeye kwa gari kwa mwendo wa arobaini, kutoka mkahawani mpaka njia ya reli. Nikitangulia, lori la baba linarudi nyumbani, na udongo atautoa yeye. Nikishindwa, nitamwagilia maua yale kila asubuhi mpaka vuli. Mama mkwe alikataa kuikata mikono. Tulimbembeleza mpaka akaikata, kisha akanikata kofi la sikio.

Sevda amehamia kwa Ginka kwa siku chache. Atarudi akiliona lori.

Desturi inasema uzi uliovuliwa ufungwe kwenye mti unaochanua. Lakini uzi wenye nguvu namna hii kuupa mplamu ni kufuru. Nimeuosha mafuta, nimeukausha juani. Leo mchana nimelegeza nati ya waya wa breki ya baiskeli, nikaupenyeza uzi ndani, nikakaza. Hauonekani hata kidogo.

Breki imekuwa nzito kidogo, lakini sitaihitaji. Njia ya relini ni mteremko mtupu.